Fundi Redio Alivyohamia Kwenye Spika

Historia ya fundi redio nchini Tanzania husimuliwa kwa ufupi sana: alizaliwa na transista, akanawiri miaka ya uhaba, akamalizwa na bidhaa rahisi za China. Ni masimulizi matamu, na nusu yake ni kweli. Redio ndogo ya siku hizi ikinyamaza haipelekwi kwa mtu, hununuliwa nyingine. Lakini ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama kupitia Segese, Bugarama na Kakola hadi Geita, haukubaliani na mwisho wa masimulizi hayo. Vibanda vya mafundi vipo na vina kazi, ila kilicholala mezani kimebadilika. Palipokuwa na redio ya bendi tatu iliyofunguliwa mgongo, sasa pana sabufa, spika ya kanisa, honi ya gari la matangazo. Nadhani mabadiliko haya hayakutokea kwa bahati. Vyombo vya sauti vilijifunga kimoja baada ya kingine mbele ya mkono wa fundi, sehemu moja tu ikabaki wazi, nayo ni spika. Na ukanda huu ulikuwa na sababu zake za kuzichosha spika kuliko sehemu nyingi za nchi.

Tuanze kabla ya dhahabu ya sasa. Segese, kata ya Halmashauri ya Msalala wilayani Kahama, ilikuwa nchi ya pamba, mahindi na ng'ombe kama sehemu nyingine za Usukuma na Unyamwezi. Mgodi wa kikoloni wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na kwa muda mrefu baada ya hapo fedha ya maana vijijini ilitoka kwenye pamba, ikipitia vyama vya ushirika vilivyokuwa vimeungana tangu 1955 katika shirikisho la Victoria chini ya Paul Bomani. Fedha ya pamba huja kwa mkupuo, mara moja kwa mwaka, na fedha ya namna hiyo hununua vitu vya kudumu: baiskeli, cherehani, bati, redio. Utangazaji wenyewe ulikuwa umeanza Dar es Salaam mwaka 1951, lakini redio za valvu zilidai umeme au betri kavu kubwa zenye bei kubwa. Huko Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, wakoloni walijaribu kulitatua tatizo hilo mwaka 1949 kwa redio ya betri iliyotiwa ndani ya kitu mfano wa sufuria na kuuzwa kwa pauni tano, bei ambayo bado ilikuwa mzigo kwa mkulima. Kilichoifikisha redio kijijini ni transista, iliyopunguza njaa ya chombo hadi kikatosheka na betri za tochi.

Dola nayo iliingia kwa nguvu. Mwaka 1965 shirika la utangazaji la zamani lilivunjwa na Radio Tanzania Dar es Salaam ikawa chini ya serikali moja kwa moja. Mwaka uliofuata kampuni ya Matsushita ya Japani ikaanzisha kiwanda Dar es Salaam, na jina la National likawa jina la betri na la redio katika nyumba nyingi. Philips ilikuwa na kiwanda chake Arusha. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma kijitabu na kisha kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Kampeni hiyo husifiwa kwa elimu ya watu wazima, na inastahili. Husahaulika kwamba iliigeuza redio ya mtu mmoja kuwa mali ya kikundi. Redio ya kikundi ikiharibika wiki ya kipindi, wanaoathirika ni watu wote waliokaa chini ya mwembe, na fundi anatafutwa hata kama ni kwa baiskeli hadi mji wa pili. Hapo ufundi ulipata wateja ambao hawakuwa na njia ya kusubiri.

Na kazi yenyewe ilimruhusu mtu asiye na cheti. Redio ya transista ya miaka ile ilikuwa na transista sita au saba, kila moja ikiwa na miguu mitatu, na njia za shaba za ubao wake zilionekana kwa macho. Fundi aliyeijua redio moja ya National aliweza kuisoma ya pili na ya tatu. Betri zilizochoka zilianikwa juani zikapata uhai wa jioni moja zaidi. Waya wa antena ulipokatika uliungwa na wa baiskeli. Ulipokuja uhaba mkali wa fedha za kigeni, tangu 1979 hadi katikati ya miaka ya themanini, redio mbovu mbili zilivunjwa zikatoa moja nzima. Huu ndio wakati ambao masimulizi ya kawaida huuita ujana wa fundi redio. Kisha bajeti ya mwaka 1984 ikaruhusu watu waliokuwa na fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walikozipata. Redio kaseti zikamiminika, na ndani yake kazi ya transista nyingi ilikuwa imeunganishwa katika kidonge kimoja cheusi chenye miguu mingi. Kidonge hicho hakifunguliwi. Kikifa, unaye mwenzake au huna. Miaka iliyofuata vidonge vikawa vidogo zaidi, miguu ikawa myembamba kuliko ncha ya pasi ya kuchomelea, na bei ya chombo kipya ikashuka chini ya gharama ya kukitibu cha zamani.

Spika haikuifuata njia hiyo. Spika ya koni tunayoijua ilielezwa na Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric ya Marekani mwaka 1925, na karne moja baadaye sehemu zake ni zilezile: sumaku, koili ya shaba inayoelea ndani ya mwanya wa sumaku hiyo, koni ya karatasi iliyogundishwa kwenye koili, na vishikizo viwili vinavyoiweka koni katikati huku vikiiacha icheze mbele na nyuma. Nguvu zimeongezeka, gundi zimeboreka, lakini hakuna kilichogeuzwa kuwa kidonge. Tena kinachokufa mara nyingi ni koili, ambayo ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kuitengeneza upya ukiwa na subira.

Kazi yake ni hii. Fundi hukata kwa wembe kile kifuniko cha duara kilicho katikati ya koni, hulainisha gundi ya pembeni kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi, huinua koni polepole isichanike, na kuitoa koili iliyoungua, nyeusi na yenye harufu yake ambayo hakuna anayeisahau. Huupima unene wa waya, huhesabu mizunguko na tabaka, halafu husuka mpya juu ya bomba jepesi la karatasi ngumu au la alumini lililotoshana na nguzo ya sumaku. Mita humwambia kama amepatia: spika inayoitwa ya omu nane husoma sita au saba hivi. Sehemu ngumu ni kurudisha. Mwanya ulioachwa kati ya koili na chuma mara nyingi haufiki nusu milimita kila upande, na koili ikigusa, sauti hukwaruza. Kwa hiyo vipande vyembamba vya filamu ya eksirei husimamishwa kuzunguka nguzo, koili huvishwa juu yake, gundi hupakwa, na spika huachwa mpaka ikauke ndipo filamu ivutwe nje. Mwishoni betri moja ya tochi huguswa kwenye miguu miwili: koni ikiruka mbele, upande wa chanya umejulikana na unawekewa alama. Spika mbili zilizofungwa kwa kupishana alama hiyo huuana besi, na mteja atarudi akilalamika kwamba amepewa muziki mwembamba.

Hata hivyo spika ni zilezile Lindi na Tanga pia, kwa hiyo kuwa wazi kwake hakutoshi kueleza ukanda huu. Sababu ya kwanza iko kwenye ngoma. Usukumani, baada ya mavuno, makundi ya Bagalu na Bagika, ambayo simulizi huyarudisha kwa waganga wawili mahasimu, Gumha na Ngika, hushindana kwa kucheza wakati mmoja katika viwanja vinavyotazamana. Hakuna jopo la majaji. Umati ndio hakimu: kundi lililowavuta watu wengi upande wake limeshinda. Mashindano ya namna hiyo yaliweka thamani juu ya kila kitu kinachomvuta mtu kutoka mbali, iwe dawa, nyoka, vazi, kichekesho au sauti. Kipaza sauti kilipopatikana hakikuhitaji kutafutiwa kazi. Kilichofaa zaidi ni honi, na sababu yake ni ya kifizikia. Spika ya kawaida hugeuza takriban asilimia moja tu ya umeme kuwa sauti. Iliyobaki huwa joto la kuipasha koili. Mdomo mpana wa honi huishika hewa vizuri zaidi na unaweza kutoa mara kumi ya hiyo au kuzidi. Mahali ambapo umeme ni betri moja ya gari iliyobebwa kwa baiskeli, tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani atasikika hadi kijiji cha pili. Msikiti, kanisa, mgombea na mnada wa ng'ombe walikuwa na hesabu ileile.

Sababu ya pili ni dhahabu, na hapa mambo yalikwenda kwa kasi. Wachimbaji wadogo walifurika Bulyanhulu, jirani na Segese, mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati ambapo tangu 1990 Benki Kuu ilikuwa inanunua dhahabu kwa bei iliyokaribia ya soko. Agosti 1996 waliondolewa ili kuipisha kampuni ya uchimbaji. Kampuni ya Barrick ililinunua eneo hilo mwaka 1999 na mgodi ukafunguliwa 2001. Waliotolewa hawakuhama nchi. Walisambaa kwenye rashi nyingine za jirani, yaani machimbo yanayofurika wachimbaji wadogo, na kila rashi huwa na mambo yaleyale: maduara, yaani mashimo ya kuchimba, karasha za kusaga mawe, pampu za kutoa maji, jenereta, na jioni muziki. Kibanda cha video, baa na mhubiri wa jioni wote hugombea masikio ya vijana wenye fedha ya leo, jambo ambalo Bagalu na Bagika wangelielewa bila kuelezwa. Lakini kilichonivutia zaidi katika orodha hiyo ni karasha na pampu. Mota zake huungua, na mota iliyoungua husukwa upya kwa waya uleule wa shaba wenye vanishi unaosuka koili ya spika, tofauti ni unene tu. Rashi ilileta karibu na fundi sauti watu wanaojua kusuka, maduka yanayouza waya huo kwa kilo, na mabaki yake kwa bei ya kuokota. Fundi redio wa miaka ya sabini alikuwa na pasi na risasi. Mwana wake wa ufundi akapata jirani mwenye shaba.

Mtu anaweza kusema kwamba nimeipuuza migodi mikubwa, kwamba umeme na ufundi wa umeme uliletwa nayo. Kwa sehemu ndogo nakubali. Mgodi wa Mwadui, tangu mwanajiolojia Williamson alipogundua almasi huko mwaka 1940, ulikuwa na karakana ambamo watu walijifunza kazi nyingi. Ila umeme wa mgodi haukuwa umeme wa kijiji. Nyaya za msongo mkubwa zilizokwenda Bulyanhulu zilipita juu ya mapaa ya watu waliokuwa wakiwasha koroboi, na ilibidi Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, uanze safari ndefu ya kuushusha umeme huo chini. Ufundi ninaouzungumzia ulikomaa kwenye betri na jenereta, nje ya uzio.

Pingamizi kubwa zaidi ni la umaskini. Watu hutengeneza spika, husemwa, kwa sababu hawawezi kununua mpya. Wakipata fedha wataacha. Kuna ukweli ndani yake, lakini hauelezi mambo mawili. Hauelezi kwa nini mtu huyohuyo maskini anaitupa redio ndogo na kuipeleka spika kwa fundi. Na hauelezi kinachofanyika majumbani mwa watu wenye uwezo Ulaya na Marekani. Mwaka 1957 kampuni ya Quad ya Peter Walker nchini Uingereza ilianza kuuza spika bapa isiyo na koni: utando mwembamba wa plastiki uliopewa maelfu ya volti na kuning'inizwa kati ya bamba mbili zenye matundu. Mwaka 1969 Jim Winey wa Minnesota alianzisha Magnepan, ambayo spika zake ni ubao mrefu wenye utando uliogundishiwa waya kwa mistari, mbele ya safu za sumaku. Vyombo hivi vikizeeka vina maradhi yake. Utando wa Quad hukusanya vumbi na cheche zikaanza kuruka. Gundi ya Magnepan huachia, waya unaning'inia na kupiga kelele kila besi inapoingia. Wenyewe hufanya nini? Huilaza spika juu ya meza ya chakula, hubandua waya wa zamani, husugua gundi iliyokauka, hulaza waya mpya juu ya alama za ule wa kwanza na kuugundisha upya, kazi ya siku kadhaa. Hakuna anayewaita maskini. Huitwa wapenzi wa muziki. Na mtu huyohuyo televisheni yake ikifa huiweka nje ya mlango ichukuliwe na gari la taka.

Spika bapa hazikuwahi kuwa na nafasi Segese. Zinataka umeme wa kutosha na chumba kilichotulia, hazina nguvu ya uwanjani, na vumbi la barabara ya Kakola lingezimaliza kwa msimu mmoja. Lakini zinatoa ushahidi mzuri: tajiri wa London na mwenye baa wa Segese wana mifuko tofauti kabisa, na wote wawili wanaishia kwenye waya, gundi na sumaku. Kinachowakutanisha ni muundo wa chombo. Kitu ambacho sehemu zake zinaonekana, zinatenganishika na zinaweza kutengenezwa upya kwa mkono hupata wa kukitengeneza, ilimradi kinachotoka ndani yake kina thamani kwa mwenye nacho. Umaskini huongeza idadi ya kazi mezani. Hauchagui ni kazi zipi.

Pingamizi lingine hutoka kwa wenye masikio makali: spika iliyosukwa upya haiimbi kama ya kiwandani. Kweli kabisa. Koili ya mkono huwa nzito kidogo, gundi iliyozidi huiongezea uzito koni, na sauti za juu hufifia. Mafundi wa spika bapa nao hubishana bila mwisho kuhusu gundi gani inaharibu sauti. Mimi nadhani pingamizi hili linapima kwa kipimo cha sebuleni. Kazi ya uwanjani inapimwa kwa kufika mbali, kuvumilia usiku kucha na kutokwaruza. Tena sehemu kubwa ya lawama ingeelekezwa kwa amplifaya ndogo inayosukumwa hadi mwisho. Ikizidiwa hukata vilele vya mawimbi, koili ikapokea joto mfululizo bila kupumua, na twita, spika ndogo ya sauti za juu, hutangulia kufa. Watu wengi hudhani spika imeungua kwa kupewa nguvu nyingi mno, kumbe amplifaya ndiyo iliyoishiwa. Fundi anayelijua hili humwuliza mteja amplifaya yake ni ipi kabla hajagusa wembe, na asiyelijua huisuka spika ileile mara tatu kwa mwaka, akishukuru.

Linabaki suala la bidhaa rahisi, nalo sitaki kulipita kwa mbio. Sabufa za bei nafuu zilisaidia kazi hii kwa muda: ubao wake wa umeme haufai kuhangaikiwa, lakini spika yake huungua upesi na inafunguka kwa bisibisi. Spika ndogo za bluututhi ni habari nyingine. Zimegundishwa pande zote, koili ni nyembamba kama unywele, sumaku ni kidonge kidogo chenye nguvu, na betri imefichwa ndani. Hapo hoja yangu hufanya kazi kinyumenyume: chombo kimefungwa, na fundi anakiacha. Kama sauti yote ya ukanda huu ingehamia humo, kibanda cha spika kingeifuata redio. Haijahamia, kwa sababu umati wa ngoma na wa mahubiri hautoshi kwenye kitu cha kushikwa kiganjani.

Mabadiliko yanayoigusa kazi kwa karibu zaidi ni koili na koni zilizo tayari kutoka China. Fundi hununua koili, huvisha, hugundisha. Baadhi huona huu ndio mwisho wa kusuka, na kwamba wanaofanya kazi hii wataitwa wabandikaji badala ya mafundi. Lakini honi ilikuwa hivyo tangu zamani: diaframu yake huuzwa nzima, hufunguliwa kwa skrubu chache, na hakuna aliyesema kutengeneza honi si ufundi. Kuweka koili katikati ya mwanya wa nusu milimita bado kunataka filamu, subira na mkono usiotetemeka. Isitoshe, koili za dukani huja kwa vipimo vyake, milimita 25, 38, 50 na kadhalika, na spika kuukuu zilizokusanywa kutoka redio kaseti, magari na makanisa hazikutengenezwa na mtu mmoja. Nguzo isiyolingana na kipimo chochote cha dukani inamrudisha fundi kwa jirani yake anayesuka mota za karasha, kuomba mita chache za waya.